Nafasi Kando ya Mama

Baba yangu alikufa Jumanne mchana, na hata jua halijazama alikuwa ameshakuwa mali ya watu. Mimi niliyemlisha uji kwa kijiko, niliyemgeuza na kumfulia mashuka, nilikuwa bado nimekaa kitandani kwake nimemshika mguu, na tayari nasikia sauti ya kaka sebuleni, simu sikioni: "Ndiyo, mchungaji. Ndiyo. Ameondoka akiwa ameokoka. Wale vijana wa ng'ambo ni mashahidi." Nikajisemea moyoni, haya, yameanza.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye ua wa nyumba ya baba, na mtaa mzima unaniita hivyo hivyo, Dobi, hata wale niliosoma nao. Sijui kuzungusha maneno. Sabuni inakula vidole, na nadhani yangu imekula na subira.

Wale vijana walikuja na basi kutoka nchi ya pili, kundi la kanisa lao, kwa misheni ya wiki mbili. Asubuhi walipaka rangi zahanati ya kanisa, mchana walipita nyumba kwa nyumba wakihubiri, na kulala walilala shuleni, kwenye madarasa. Walikuwa watoto wazuri, sitaki kuwasingizia. Wana adabu, shikamoo haikauki mdomoni. Ila mtu gani mwenye akili zake anakwenda kupaka rangi ukuta kavaa fulana nyeupe? Na mgongoni maandishi mekundu yanayochuja! Kaka, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa, aliniletea mimi nizifue. Niliziloweka kwenye maji ya chumvi, kila moja peke yake, nikiwatukana kimoyomoyo wote kwa pamoja.

Kiongozi wao walimwita Kamanda. Kijana mrefu, sauti nene, jicho halibanduki kwenye saa. Maana walikuwa na ratiba, na ratiba yenyewe ilikuwa na haraka. Kila jioni walikusanyika kanisani kutoa taarifa ya roho walizozipata siku hiyo, na kila roho ilipigiwa makofi na wimbo. Wateja wangu walinisimulia wakicheka: leo muuza mkaa ameokoka, na jana pia alikuwa ameokoka, maana wanagawa biskuti. Binti mmoja tu katika lile kundi ndiye hakuwa na haraka. Alivaa miwani mikubwa kuliko uso, basi nikamwita Miwani. Yeye ndiye aliyekuwa akija kuchukua fulana, na kila akija lazima achungulie chumbani kwa baba, amsalimu, akae kidogo.

Kukaa na baba kulitaka moyo. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja, na maneno yake yalitoka moja moja. Kati ya neno na neno ungeweza kuanua kamba nzima ya nguo. Lakini akili ilikuwa yake yote, na ukimsubiri, atafika tu. Kaka hakumsubiri. Alimmalizia sentensi, tena vibaya, halafu anasema, "Mzee anasema amechoka."

Jumapili ile nilikwenda kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni. Narudi, nakutana nao wanatoka getini kwetu wanaimba. Kamanda akanishika mikono yote miwili.

"Mama, shangilia! Babu ameokoka!"

"Babu yupi?"

"Babu wa humu ndani."

Nilimcheka usoni. Mnisamehe, lakini nilicheka. Baba yangu? Ambaye kengele ya kanisa ikilia anachukua jembe na kwenda upande wa pili?

Hapa inabidi niwaeleze habari za mama. Mama yangu alifagia lile kanisa kila Jumamosi tangu sijazaliwa. Vitambaa vya madhabahu alivifua yeye, na kukunja nguo nilijifunzia hapo hapo, kwa vitambaa vya Mungu. Lakini Jumapili alikaa benchi la nyuma, na wenzake wakienda kwenye meza ya Bwana, yeye anabaki kushika watoto wa watu. Sababu? Hawakufunga ndoa na baba. Baba alikuwa na mke kabla yake. Huyo mke aliondoka siku moja na mabegi yake, akapotea, haijulikani yu hai au kafa, na kanisa likasema halimfungishi ndoa mtu ambaye mkewe hajulikani alipo. Basi wakaishi hivyo hivyo. Wakazaa, wakalea, wakazeeka pamoja.

Mama alipokufa, mchungaji alikuja. Ni huyu huyu tuliye naye leo, wakati huo kijana, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu. Akatuambia baraza limekaa na limekataa. Hakuna kengele, hakuna ibada, hakuna kaburi kwenye uwanja wa kanisa. Tukamzika makaburi ya manispaa, kando ya ukuta, jirani mmoja akasoma zaburi kwa kubabaisha, tukarudi nyumbani. Kuanzia hapo baba hakukanyaga tena kanisani. Kila Jumapili alikwenda kwa mama na jembe lake, akapalilia, akakaa. Na pale kando ya mama alizungushia matofali nafasi ya mtu mmoja. Mlinzi wa makaburi akamwonya: "Mzee, kaburi haliwekewi akiba. Manispaa wamesema nafasi zilizo wazi zitagawiwa." Baba akamjibu, "Basi nitawahi." Walicheka wote wawili, lakini mimi nilijua hatanii. Kitu kimoja tu baba alikitaka katika dunia hii, alazwe pale.

Sasa mnielewe kwa nini nilicheka. Nikaingia chumbani, nikamkuta ameegemea mto, macho yameng'aa kama ya mtu aliyepigiwa simu na ndugu wa mbali.

"Baba, eti umeokoka?"

Akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki kuwa yake. Nikasubiri.

"Ninyoe," akasema.

"Kesho Jumatatu, baba. Unakwenda wapi?"

"Ninyoe."

Nikamnyoa. Akajipapasa mashavu kwa mkono mzima, akanionyesha pale palipobaki, nikarudia. Akataka shati jeupe. Nikasema uzee huu nao una vituko, nikampigia pasi, nikamvika. Kesho yake hakula vizuri. Jumanne mchana akaenda.

Kufika jioni ile, mambo yote yalikuwa yameshapangwa na waliokuwa hawapo. Basi la vijana lilikuwa linaondoka Alhamisi mchana, kwa hiyo mazishi Alhamisi asubuhi, ili kwaya yao iimbe. Kaburi kwenye uwanja wa kanisa, karibu na lango. Vijana wa kanisa wameshaanza kuchimba.

Nilimvuta kaka hadi uani, katikati ya shuka za watu.

"Kaka, baba ana nafasi yake. Unaijua."

"Ile ya ukutani? Pamoja na wasio na kwao?"

"Pamoja na mama yako."

Akageuza uso. Kaka yangu si mtu mbaya. Ana duka la vifaa vya ujenzi, anasomesha watoto wa watu, na mimi mwenyewe paa langu ni la mabati yake. Akasema polepole, "Wewe hujui. Umekaa huku uani na mapovu yako. Mimi nimekaa kwenye lile baraza miaka yote nikitazamwa. Kila ikija habari ya ndoa, wananitazama. Mtoto wa nje. Leo Mungu amefungua mlango, baba anaingia kwa heshima, na aibu inakwisha. Halafu wewe unataka kuufunga."

"Aibu ipi? Aibu ni mama?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Ila umeogopa kumaliza."

Akaniacha pale. Wifi yangu akapita na sinia la vikombe, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, wifi. Ila mtu akishaokoka, keshaokoka." Kama baba aliikubali kweli imani yao kwa hiari yake, mimi ni nani? Msiba si mahali pa kugombania maiti. Usiku ule nililala nikilirudia neno hilo.

Jumatano asubuhi nikaenda shuleni. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu baba alisema nini. Madawati yalikuwa yamerundikwa ukutani, magodoro yanakunjwa, na ndoo za rangi zimepangwa nje ya mlango. Kamanda akanipokea kwa heshima zote, akaniletea kiti.

"Poleni sana kwa msiba, mama. Lakini tunashukuru, babu amekwenda salama."

"Alisema nini, mwanangu? Nataka maneno yake."

"Alikubali, mama. Nilimuuliza kama anataka kwenda mbinguni, akatikisa kichwa kuitikia. Wenzangu waliona."

"Kutikisa kichwa tu?"

"Mama, mgonjwa wa kiharusi ungetaka ahubiri?"

"Baba yangu alikuwa anaongea. Ukimsubiri, anaongea."

Kamanda akatazama saa yake. Nyuma yake, Miwani alikuwa amepiga magoti kwenye godoro, anakunja shuka moja ile ile kwa mara ya pili, ya tatu, na haikunjiki. Mimi nimekunja nguo maisha yangu yote. Najua mkono unaokunja na mkono unaojificha. Niliaga, nikatoka, nikatembea taratibu kabisa hadi kwenye mlingoti wa bendera, maana nilijua ataniandama.

Akanifikia anahema.

"Mama, hakuomba. Aliuliza."

"Aliuliza nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa fulana yake. "Kamanda alimwambia, babu, Yesu anakuita mbinguni, unataka kwenda? Babu akaanza kusema. Wenzangu walikuwa wameshaanza wimbo. Mimi nilikuwa karibu, nikamsubiri. Aliuliza, 'Mke wangu yuko huko?' Nikamwambia Kamanda, anauliza kama mke wake yuko huko. Kamanda akasema, mwambie yuko. Nikamwambia, sisi tunajuaje? Ndipo akamwinamia yeye mwenyewe. Akasema, 'Yuko, babu. Anakusubiri.' Hapo ndipo alipotikisa kichwa. Alitikisa sana, mama. Alilia. Akasema, 'Basi niandikeni na mimi.'"

Niliushika ule mlingoti. Nilimwona baba anajipapasa mashavu, ananionyesha palipobaki. Kumbe alikuwa anajiandaa kwa mke wake. Nilipandwa na hasira, halafu ikaniishia yote, halafu ikarudi na wenziwe.

"Kwa nini hukusema?"

"Jioni walipiga makofi," akasema. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kidevu. "Yale yalikuwa makubwa kuliko yote, mchungaji wenu mwenyewe alisimama. Nikaona nikisema, nitamwaibisha Kamanda, nitaharibu kazi ya Mungu. Nimekosa, mama."

"Utasema leo?"

Alikuwa mtoto ugenini, na huyo Kamanda ndiye aliyeshika pasi zao za kusafiria wote. "Nitasema," akasema.

Kikao kilikaa saa kumi, sebuleni kwa baba. Mchungaji kwenye kochi, kaka pembeni yake, wifi mlangoni na sinia lake, wazee wawili wa kanisa, na Kamanda kwenye kigoda, amekuja kupanga nyimbo. Mchungaji alikuwa anaeleza jeneza lipitie wapi. Nikaingia nimemshika Miwani mkono.

"Mchungaji, samahani. Kabla hamjampitisha baba yangu popote, msikilizeni huyu."

Kaka akaanza, "Dada, siyo sasa..."

"Ni sasa hivi. Kesho atakuwa udongoni."

Miwani akasema. Alisema kama alivyoniambia mimi, hakuongeza chumvi, hakupunguza, na hakumtazama Kamanda. Alipofika kwenye "anakusubiri," wifi akaweka sinia chini.

"Ni kweli hayo?" mchungaji akauliza.

Kamanda akainua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akikana, na moto wangu nilikuwa nimeshauwasha. Lakini kijana akasema, "Ni kweli, mchungaji." Akanitazama mimi. "Sikujua habari za huyo mama. Nilijua tu mzee ananitazama. Alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mwenye funguo. Ningemwambia nini? Ningemwambia mtu anayekufa kwamba sijui?"

Na mimi, niseme ukweli, chuki yangu kwake iliishia hapo.

"Mchungaji," nikasema, "mimi si msomi. Kazi yangu ni kutoa madoa. Nina swali moja tu. Mama yangu yuko huko au hayuko?"

"Binti yangu..."

"Ngoja nimalize. Kama yuko, basi pale alipolala ni pazuri kama uwanja wako, na baba alale kando yake. Kama hayuko, baba alidanganywa, na huko kuokoka kwake hakupo, si wako tena, ni wangu mimi. Nitamzika ninapojua. Chagua."

Kaka akasimama, kochi likalia. "Unamtega mtumishi wa Mungu! Ndani ya msiba! Huna haya?"

"Simtegi mimi, kaka. Ahadi haikutoka kwangu. Imetolewa kwa jina la kanisa, na kanisa likapiga makofi."

"Kaa, mzee," mchungaji akamwambia kaka, kwa upole. Alikuwa anatazama viganja vyake. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa siku hizi, na hapo ndipo nilipoliona hilo.

"Nilikuja nyumba hii na barua ya baraza," akasema. "Nilikuwa mdogo kuliko huyu kijana aliyekaa kwenye kigoda. Baba yenu alinisikiliza hadi mwisho, hakupiga kelele. Nilipomaliza akaniuliza, 'Sasa atakuwa wapi?' Nikadhani anauliza kaburi. Nikamwambia, kuna makaburi ya manispaa. Akasema, 'Sikuulizi kaburi.'"

"Ukamjibu nini?" Ni kaka aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nikamwambia hilo si langu kusema. Nikachukua kofia yangu, nikaenda."

Mungu wangu. Miaka yote ile baba alikuwa na swali moja, na watu wa kuwauliza hawakuwepo. Alilibeba kila Jumapili na jembe lake, akalipeleka kwa mama, akarudi nalo. Hata mimi hakuniuliza, maana alijua mimi nitamjibu kwa mapenzi, na yeye alitaka jibu la wenye mamlaka. Mwisho akaja kuwauliza watoto waliopita njia.

Mchungaji akainuka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akasema tu, "Kesho asubuhi," akatoka, na wale wazee wawili wakamfuata bila kuaga. Kaka akabaki amekaa na mikono magotini. Nilitaka kumwambia neno, nikaona nitaharibu. Nikaenda kumwandalia Miwani chai.

Alhamisi alfajiri nikachukua jembe la baba. Nilikuwa nimeshakata shauri: nitakwenda kumpigia mlinzi magoti, nichimbe mwenyewe, wakifika na jeneza kanisani wanikose, tuone. Nilifika getini mwa makaburi kiza kikiwa kinaanza kuachia. Nikasikia jembe linagonga udongo.

Kamanda alikuwa ndani ya shimo lililomfika kifuani, katikati ya matofali ya baba. Vijana wenzake wawili walikuwa juu wanavuta mchanga. Na mchungaji, amekunja suruali, ameshika sepetu vibaya kabisa, kama mtu aliyeshika mwiko wa jikoni kwa watu.

"Dobi," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Wameanza kabla yangu. Nilikuja nikamkuta kijana anamwomba mlinzi ruhusa."

Kamanda hakuinua macho. Malengelenge yalikuwa yamemtoka viganjani. "Mimi ndiye niliyemwambia anasubiriwa," akasema kutoka shimoni, akaendelea kuchimba.

Nikashuka nikamsaidia.

Tulimzika saa nne. Watu walikuja wengi, wengine kwa huzuni, wengine kwa umbeya, maana habari hukimbia. Lile kaburi la kanisani lilibaki wazi, na baadhi ya wazee hawakuja kabisa. Vijana wa ng'ambo waliimba, na basi lao lilikuwa linanguruma barabarani linawasubiri. Kaka alikuja. Alikuwa amebeba jeneza mbele, upande wa kulia, na tulipofika ukutani akasimama, akatazama yale makaburi, hili na hili, halafu akanitazama mimi. Nikamwelewa. Hakujua ni lipi la mama. Tangu siku ile hakuwahi kurudi. Sikumsema. Nilimwonyesha kwa kidole, akaenda kusimama hapo, mtu mzima na suti yake, akavua viatu.

Jeneza likateremshwa. Tukangoja mchungaji aanze kwa baba. Akafungua kitabu chake, akageuka, akampa baba mgongo, akasimama mbele ya mama.

"Nipeni jina lake lote," akasema.

Kaka akanigeukia. Nikalitaja mimi. Jina lake, jina la baba yake, na la babu yake. Mchungaji akalirudia kwa sauti, kila mtu akasikia, mpaka barabarani. Kisha akasoma ibada ya mazishi tangu mwanzo, neno kwa neno, bila kuruka, kwa mtu ambaye nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake na kung'olewa mara zisizo na idadi. Alipofika kwenye "tunamkabidhi kwako dada yetu," alisimama kidogo. Halafu akasema tena, "dada yetu."

Watu walinishika kwa sababu nilikuwa naanguka. Walidhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia mama, ambaye ndiyo kwanza anazikwa.